Deni ni Letu Sote, Nafuu ni ya Nani?



Kila mwaka mwezi wa Juni, Waziri wa Fedha huenda Bungeni na mkoba wake kusoma bajeti. Redio hutaja "nakisi", "hatifungani" na "pato la taifa", na wengi wetu huzima redio tukisema hayo ni mambo ya wasomi. Lakini baada ya wiki chache nauli imepanda, mafuta ya kupikia yamepanda, na kijana aliye Nairobi anatuma pesa kidogo kuliko mwezi uliopita. Basi bajeti imefika kijijini bila kupiga hodi.

Chukua mfano wa Dagoretti Corner, pale Barabara ya Ngong inapokutana na Barabara ya Naivasha. Hapo kuna mafundi wa fanicha, mama mboga, vijana wa boda boda, na watu wa Kawangware, Riruta na Ngando wanaoshuka matatu kutafuta kibarua. Wengi wao wana makao mawili, chumba cha kupanga hapa na boma kule mashambani. Biashara ikilala Corner, ni mzee kijijini anayekosa dawa, na ni kikundi cha kijijini kinachokosa mchango wa mwezi.

Kwa hivyo tunataka kueleza kwa lugha ya kawaida deni la Serikali linatoka wapi, nani analifaidi, na tuulize nini tukiahidiwa nafuu.

NAKISI NI NINI?

Tuseme kikundi chenu kinakusanya shilingi 20,000 kwa mwezi, lakini mmepanga kutumia 26,000. Zile 6,000 ambazo hamna ndizo nakisi, yaani pengo. Mnaweza kupunguza matumizi, kuongeza mchango, au kukopa. Mkikopa, mwezi ujao mtakuwa na kazi mbili: kulipa mahitaji yenu na kulipa deni pamoja na riba.

Serikali ni hivyo hivyo, ila hesabu ni kubwa. Katika bajeti ya mwaka wa 2025/26, Serikali ya Kenya ilipanga kutumia karibu shilingi trilioni 4.29. Ukiigawanya kwa mafungu ya shilingi mia, katika kila mia kama 77 zilitarajiwa kutoka kwa ushuru na mapato mengine, kama 22 zilikuwa za kukopwa, na moja hivi ilikuwa msaada. Pengo lote lilikuwa karibu shilingi bilioni 923.

Sasa sikilizeni vizuri. Mwaka huo huo, riba peke yake ilipangiwa zaidi ya shilingi trilioni moja. Yaani mkopo mpya wote haukutosha hata kulipa riba ya mikopo ya zamani. Mwanakikundi anayekopa kwa jirani ili alipe riba ya mkopo wa mwaka jana, sote tunamjua, na tunajua anakoelekea.

Deni hili halikuja usiku mmoja. Katikati ya mwaka wa 2013 lilikuwa karibu shilingi trilioni 1.9. Mwaka wa 2023 lilipita trilioni 10.

Hata hivyo, tusiseme kila deni ni baya. Kikundi kikikopa kununua ng'ombe wa maziwa, na maziwa yakalipa mkopo, hilo ni deni la busara. Kikikopa kwa ajili ya karamu, karamu itakwisha na deni litabaki. Kwa hiyo swali la kwanza kwa Serikali yoyote si "mmekopa ngapi?" tu. Ni "mmekopa mkanunua ng'ombe au mmefanya karamu?"

NANI ANAIKOPESHA SERIKALI?

Wengi wetu hudhani deni lote ni la wageni, kama Benki ya Dunia na China. La. Sehemu kubwa ya deni la Kenya imekopwa hapa hapa nchini. Serikali huuza hati za Hazina na hatifungani. Mwenye pesa anaipa Serikali mkopo, naye anaahidiwa kurudishiwa pesa zake na riba juu.

Wenye pesa hizo ni nani? Kwanza ni mabenki, halafu mifuko ya malipo ya uzeeni, kampuni za bima, na watu binafsi wenye akiba kubwa. Mfanyakazi wa kawaida naye yumo kupitia akiba yake ya uzeeni, hilo tuliseme kwa haki. Mwaka wa 2017 Serikali ilijaribu hata kuuza hatifungani ndogo kwa simu, iliyoitwa M-Akiba, kuanzia shilingi 3,000. Lakini fungu nono ni la wakubwa.

Februari 2024 Serikali iliuza hatifungani ya miundombinu yenye riba ya zaidi ya asilimia 18 kwa mwaka, na faida yake haikutozwa ushuru. Mwezi huo huo ilikopa dola bilioni 1.5 ng'ambo kwa gharama ya zaidi ya asilimia 10, ili ipate kulipa deni la dola la mwaka wa 2014 ambalo lilikuwa likiiva Juni.

Hebu fikiria benki iko karibu na Corner. Upande mmoja kuna Serikali, inalipa asilimia 18 na haitoroki. Upande mwingine kuna fundi wa vitanda anayetaka shilingi 80,000 za mbao, bila hati ya shamba, na mvua ikinyesha wateja hawaji. Kama wewe ndiwe meneja, utampa nani? Fundi ataambiwa angoje, au atapewa kwa riba ya juu zaidi. Serikali ikikopa sana nyumbani, mkopaji mdogo anasukumwa kando ya foleni.

Na riba ile inalipwa kutoka wapi? Kutoka kwa ushuru. Mama mboga haandiki hundi kwa Hazina, lakini anaponunua sabuni, muda wa simu au mafuta ya kupikia, ushuru umo ndani ya bei. Shilingi chache zake, pamoja na za mamilioni wengine, zinapanda juu hadi kwa mwenye hatifungani. Mtu huyo hajaiba, amekopesha kwa mkataba. Lakini tukubali kwamba nakisi ikizidi, inakuwa bomba la kuchota kwa wengi na kumwaga kwa wachache.

TULIKWISHA KUONA HAYA

Wazee wanakumbuka miaka ya 1992 na 1993. Uchaguzi wa vyama vingi wa Desemba 1992 ulipokaribia, pesa nyingi zilimwagwa nchini. Noti ya shilingi 500 wananchi waliibandika jina "Jirongo", jina la kiongozi wa kundi la vijana lililofanya kampeni za KANU. Wakati huo huo kulikuwa na kashfa ya Goldenberg. Kampuni hiyo ililipwa na Serikali marupurupu ya asilimia 35 kwa dhahabu na almasi iliyodai kuuza nje, ijapokuwa Kenya ina dhahabu kidogo na haichimbi almasi. Mwaka wa 2003 iliundwa tume ya uchunguzi chini ya Jaji Samuel Bosire.

Matokeo yalikuwa nini? Mwaka wa 1993 bei za vitu zilipanda kwa zaidi ya asilimia 40. Ili kuzivuta zile pesa zilizozagaa, Serikali iliuza hati za Hazina, na katikati ya mwaka huo riba yake ilifika zaidi ya asilimia 80. Aliyekuwa na mamilioni aliyaweka kwenye hati akaketi kitako, pesa zikazaana zenyewe. Aliyekuwa na kibanda alikifunga. Ndiyo maana watu walisema nchi hii ina wananchi na wenyenchi.

NAFUU ZA MIAKA YA KARIBUNI

Maisha yakiwa magumu, wanasiasa hushindana kuahidi nafuu. Wengine husema: punguzeni ushuru, hata wa matajiri na kampuni, ili waajiri watu. Wengine husema: teremsheni bei ya unga na petroli, mwananchi ale leo. Wengine nao husema: msilipie kula, lipieni kulima. Kila upande una hoja, na Kenya imekwisha kujaribu zote tatu.

Mwaka wa 2020, ugonjwa wa Korona ulipoingia, Serikali ilipunguza ushuru wa VAT kutoka asilimia 16 hadi 14. Ilipunguza ushuru wa kampuni na kiwango cha juu cha ushuru wa mishahara kutoka asilimia 30 hadi 25. Wenye mishahara isiyozidi shilingi 24,000 kwa mwezi waliondolewa ushuru wa mshahara kabisa. Ilisikika vizuri, lakini tupige hesabu. Aliyelipwa shilingi 20,000 alibakiwa na chini ya shilingi elfu moja zaidi kwa mwezi. Aliyelipwa nusu milioni alibakiwa na zaidi ya elfu ishirini zaidi. Na mama wa kibanda, ambaye hana mshahara wa kukatwa, hapo hakupata kitu. Ni kweli Serikali ilitenga pia shilingi bilioni 10 kwa wazee, mayatima na wasiojiweza, na ikaanzisha Kazi Mtaani kwa vijana wa mitaa ya mabanda. Hizo ziliwafikia walio chini. Lakini nafuu ya ushuru ilimfuata zaidi aliyekuwa nacho, na kuanzia Januari 2021 viwango vingi vya zamani vikarudi.

Julai 2022, uchaguzi ukiwa wiki chache mbele, Serikali ya Rais Uhuru Kenyatta ilitangaza pakiti ya kilo mbili ya unga wa mahindi iuzwe shilingi 100 kwa wiki nne, wakati ilikuwa imepita 200. Nafuu hii iligusa sufuria moja kwa moja. Lakini ni ya wote, tajiri na maskini, pesa zake hupitia kwa wasagaji, na madukani wengi walilalamika kwamba unga wa bei hiyo hauonekani. Wiki nne zikaisha.

Septemba 2022 Serikali mpya ya Rais William Ruto iliondoa ruzuku ya unga na ya petroli, ikisema ni heri kusaidia uzalishaji kuliko ulaji. Gunia la mbolea la kilo 50 likashushwa kutoka shilingi 6,500 hadi 3,500, na mwaka uliofuata hadi 2,500. Mkulima mdogo aliyefika ghalani akaipata, alisaidika kweli. Lakini mwenye robo ekari na mwenye ekari mia wanauziwa bei moja, na mwenye lori ndiye anayefika kwanza. Tena mwaka wa 2024 ilibainika kwamba mbolea bandia ilikuwa imeuzwa kwa wakulima kupitia mpango huo.

Tujifunze nini? Kwamba nafuu ina mlango wake. Ukipitia mlango wa mshahara, inawapata wenye mishahara. Ukipitia mlango wa ghala, inawapata wenye usafiri. Kabla ya kupiga makofi, tuulize mlango uko wapi, na kama sisi tunaweza kuupita.

BILI IKAJA MWAKA WA 2024

Deni likishafika shingoni, Serikali hutafuta ushuru. Mwaka wa 2023 VAT ya mafuta ya petroli ilipandishwa kutoka asilimia 8 hadi 16, na mishahara ikaanza kukatwa asilimia 1.5 ya nyumba. Mwaka wa 2024 Mswada wa Fedha ukaja na mengine: VAT ya asilimia 16 kwa mkate wa kawaida, asilimia 25 kwa mafuta ya kupikia, na ushuru wa kila mwaka kwa magari. Ulikusudiwa kuleta zaidi ya shilingi bilioni 300. Kelele zilipozidi, mkate uliondolewa, pamoja na mafuta na magari. Lakini vijana walikuwa wamekwisha kuchoka. Hawakuuliza habari za mkate tu. Waliuliza mbona mwananchi aambiwe afunge mkanda, na wakubwa hawaonekani wakifunga wao.

Tarehe 25 Juni 2024 Bunge lilipitisha mswada kwa kura 195 dhidi ya 106, na siku hiyo hiyo waandamanaji wakaingia katika majengo ya Bunge. Kesho yake Rais Ruto alisema hatautia sahihi. Kwa hesabu ya Tume ya Kitaifa ya Haki za Kibinadamu, watu 39 walikuwa wamekufa kufikia Julai 1. Hao ni watoto wa watu. Bajeti si mchezo wa tarakimu.

Hata hivyo, mswada ulipoanguka pengo halikuanguka nao. Serikali ilipunguza baadhi ya matumizi na ikakopa zaidi. Desemba 2024 sheria nyingine ya ushuru ilitiwa sahihi. Kukataa bili ni haki yetu, lakini mwenye kukataa lazima aulize pia ni nani aliyekula na nini kikatwe. La sivyo bili itarudi kwa jina lingine.

Upande wa pili nao tuusikilize. Wapo wanaosema ukiwatoza matajiri sana, watahamisha mali zao nje au watafunga viwanda, na mafundi wapoteze kazi. Hofu hiyo si ya bure. Tena si kila msamaha wa ushuru ni wa matajiri, kwani unga wa mahindi kutotozwa VAT ni msaada kwa maskini. Lakini Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 201, inasema mzigo wa ushuru ugawanywe kwa haki, na tena faida na mizigo ya kukopa igawanywe kwa usawa kati ya kizazi cha sasa na vizazi vijavyo. Basi kila msamaha uelezwe hadharani: unamsaidia nani, unagharimu ngapi, na umeleta kazi ngapi.

TUJIHADHARI NA NAFUU YA BAHASHA

Kuna nafuu nyingine tunayoijua sana, ile ya harambee. Mkubwa anakuja Jumapili na bahasha, tunashangilia, na paa la kanisa linaezekwa. Lakini kama bahasha hiyo imetoka katika mfuko wa umma, basi tumerudishiwa kijiko cha sukari kutoka gunia letu wenyewe, na tukasema asante. Novemba 2024 Askofu Mkuu Philip Anyolo wa Nairobi alitangaza kwamba mchango wa Rais uliotolewa katika kanisa moja la mtaa wa Soweto hapa jijini utarudishwa. Wako waliokubali na wako waliokasirika. Vikundi vyetu navyo vina haki ya kuuliza pesa zimetoka wapi kabla ya kuimba.

SOMO KUTOKA UGANDA

Majirani zetu wanatuonyesha kwamba nafuu ikilindwa hufika. Mwaka wa 1998 Uganda ilikuwa nchi ya kwanza duniani kupata nafuu ya madeni chini ya mpango wa nchi maskini zenye madeni makubwa, wakati makanisa na mashirika mengi duniani yalipokuwa yakipigania madeni hayo yafutwe. Pesa zilizookolewa hazikuachwa zipotee katika mfuko mkubwa. Ziliwekwa katika Mfuko wa Hatua Dhidi ya Umaskini, kwa shule za msingi, maji, afya na barabara za vijijini.

Kwa nini tahadhari hiyo? Kwa sababu uchunguzi ulikuwa umeonyesha kwamba kati ya mwaka wa 1991 na 1995, katika kila shilingi mia za ruzuku ya matumizi zilizotumwa kwa shule za msingi, ni kama 13 tu zilizofika shuleni. Dawa waliyotumia ilikuwa nyepesi. Kiasi kilichotumwa kilitangazwa magazetini, na kila shule ikatakiwa kubandika ukutani kiasi ilichopokea. Mzazi akasoma, akauliza. Baada ya hapo sehemu iliyofika shuleni iliongezeka sana. Karatasi moja ukutani inaweza kufanya kazi ambayo hotuba mia haziwezi.

KIKUNDI KIFANYE NINI?

1. Jueni kalenda. Mpango wa mwaka wa kaunti hutolewa kufikia Septemba 1. Taarifa ya sera ya bajeti hufika Bungeni kufikia Februari 15, na ile ya kaunti hufika bunge la kaunti kufikia Februari 28. Makadirio ya matumizi huletwa kufikia Aprili 30, na mwaka wa fedha hufungwa Juni 30. Anayekwenda kulia Julai amechelewa. Nendeni Februari na Mei.

2. Chagueni wawili, mwanamke na mwanamume, wahudhurie vikao vya maoni ya wananchi na walete ripoti. Waende na maoni yaliyoandikwa, nao wabaki na nakala.

3. Ombeni karatasi. Kifungu cha 35 cha Katiba kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa Serikali. Ulizeni zahanati ilipangiwa ngapi na imepokea ngapi, kisha ombeni kibandikwe ukutani.

4. Anzeni nyumbani. Daftari la kikundi lisomwe mbele ya wote kila mwezi. Kikundi ambacho mwekahazina wake haulizwi hakiwezi kumwuliza Waziri.

5. Kwa kila nafuu inayotangazwa, ulizeni maswali matatu: Inamfikia nani? Nani analipa? Bili italetwa lini?

MASWALI YA KUJADILIANA

Someni makala hii kwa sauti katika mkutano wenu, kisha mzungumze:

(a) Tangu mwaka wa 2020, ni nafuu gani ya Serikali iliyofika katika boma lako? Ilipitia mlango gani?

(b) Ni ushuru gani tunaolipa kila siku bila kuuona? Tajeni vitu vitano.

(c) Kama Serikali ingekopa shilingi milioni moja kwa jina la kijiji chetu, tungenunua "ng'ombe" gani wa kulipa deni hilo?

(d) Mheshimiwa akileta bahasha Jumapili ijayo, nani atasimama kuuliza swali, na wengine tutamsaidiaje asiachwe peke yake?